Mashavu ya Dada Yangu

Mwaka ule wa mvua kubwa nilikuwa na kazi nyingi kuliko fundi yeyote pale Sindo, kando ya ziwa, na karibu yote ilikuwa misalaba. Seremala jirani yangu alitengeneza majeneza chini ya bati lake, mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, na kila jeneza lililotoka kwake, msalaba wake ulitoka kwangu. Rangi nyeupe mara mbili, ikauke, halafu maandishi meusi: jina, kuzaliwa, kufa. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na nilijivunia herufi zangu. Herufi S yangu ilikuwa na shingo kama ya bata. Watu walikuja na karatasi imekunjwa mara nne, wakanisomea jina polepole nisije nikakosea, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nikiwaza kama jina hilo litatosha kwenye ubao.

Kazi yenyewe sikuisomea popote. Niliishia darasa la nane, na kitu pekee ambacho shule ilinifundisha kuhusu kuchora ni kwamba usichore tumbo la mwalimu wa hesabu nyuma ya daftari la hesabu. Nilianza na mashua. Wenye mashua walipenda rangi: buluu chini, njano juu, na macho mawili mbele ili chombo kione kinakokwenda. Kisha magugu maji yakaja yakafunika ufuo wote, kijani kibichi, ungedhani ni shamba la mtu. Mashua zikakaa mchangani zikipasuka kwa jua, na hakuna anayepaka rangi chombo kisichotoka. Nikabaki na misalaba.

Lakini sikuwa mtu wa huzuni. Kusema kweli nilikuwa mtu wa kucheka na kuota. Saa ambazo misalaba ilikuwa ikikauka nilifinyanga vitu kwa udongo au nilichanganya simiti iliyobaki kwenye makaburi ya wenye uwezo. Nilitengeneza kiboko wa simiti akawekwa mlangoni mwa hoteli moja, watoto wakampanda mpaka sikio likang'oka. Na nilikuwa na ndoto yangu moja kubwa: mbuta wa simiti, mrefu kama lori, amesimama kwa mkia wake pale njia inapoingia mji wa Migori, ili kila anayekwenda Tanzania amwone na aulize, huyu katengenezwa na nani?

"Na nani atakula samaki wa simiti?" seremala aliniuliza kila siku. "Omera, ndugu yangu, andika msalaba. Huo wateja wake hawaishi."

Basi mchana mmoja niko na brashi mkononi, akaja mwanamke mzee akasimama mbele ya bati, ameshika mtoto wa kike wa kama miaka mitatu. Alikuwa amejifunga kitenge mara mbili, na hata hivyo kilimlegea. Niliona wateja wa namna hiyo kila siku. Sikunyanyua kichwa sana.

"Karibu, mama," nikamwambia. "Leta jina."

Akacheka, na kile kicheko nilikijua kabla sijaujua uso.

"Jina unalijua, owadwa, ndugu yangu," akasema. "Ila usiandike bado."

Alikuwa dada yangu. Amenipita miaka minne tu.

Alikuwa ameondoka nyumbani miaka minne iliyopita kwenda Muhuru Bay kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, na mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwanda vikishachukua nyama. Alikuwa msichana mkubwa, mwenye sauti kubwa, na mashavu ambayo wanawake wenzake sokoni walikuwa wakiyavuta wakimtania kwamba ameficha mandazi. Sasa alikuwa amerudi na beseni moja, mtoto mmoja, na ugonjwa ambao hatukuutaja nyumbani kwetu. Wengine waliuita chira, laana ya aliyevunja mwiko, wengine waliuita wa kukonda. Mama yangu aliuita "hiyo malaria yake".

Nilimbeba mpaka nyumbani kwenye kapu la baiskeli yangu. Hilo peke yake linatosha kusema. Mtoto alitembea kando akimwambia mama yake ashuke ili naye apande.

*

Mama alimtandikia mkeka jikoni kwake, karibu na mlango, apate jua. Nilizoea kupita pale kila mchana kabla ya kurudi kazini, namletea chungwa au gazeti la zamani la kufungia nyama, kwa sababu alipenda kusoma matangazo. Siku moja nikamkuta ananitazama kama mtu aliyekuwa akinisubiri. Mtoto alikuwa uani anafukuza kuku.

"Huyu atanikumbuka?" akauliza.

Nikasema upesi, kama tunavyosema sisi tusiopenda watu walie: "Atakukumbuka sana! Watoto hawasahau."

"Wewe unamkumbuka baba?"

Baba alifariki mimi nikiwa na umri wa mtoto huyo, au nimempita kidogo tu. Nikafikiri. Sikutaka kumdanganya.

"Nakumbuka viatu vyake," nikasema.

"Basi." Akaangalia miguu yake. "Mimi sina hata viatu."

Picha hakuwa nayo. Kitambulisho chake kilianguka ziwani wakipakua samaki, na alipokitoa uso ulikuwa umegeuka wingu. Lakini alikumbuka kwamba aliwahi kupigwa picha Migori, studio ya karibu na soko, amevaa gauni la njano mbele ya pazia lililochorwa ndege ya abiria. Hakurudi kuichukua. Nilifurahi sana kusikia hivyo. Siku ya pili yake nilikuwa Migori asubuhi, nimevaa shati langu la kanisa kana kwamba ile picha itaniona.

Mpiga picha alikuwa mzee mchangamfu mwenye miwani ya kamba. Akaniburutia sanduku la kadibodi kutoka chini ya meza, limejaa picha ambazo wenyewe hawakuja kuzichukua. Tukapekua pamoja. Vijana na redio, mabwana harusi, mama na mapacha, wasichana watatu wameshikana viuno. Wote mbele ya pazia lile la ndege, kana kwamba wote walikuwa wakienda safari moja. Nilianza kwa kuwacheka, kisha nikaacha.

"Wangapi wa hawa watarudi?" nikauliza.

"Zamani nilikuwa nikichoma za mwaka mzima," akasema. "Siku hizi naogopa. Naona kama nachoma mtu mara ya pili."

Gauni la njano halikuwemo. Nilipekua sanduku mara tatu.

Niliporudi na mikono mitupu dada yangu hakulia. Alikuwa ameshafikia jambo lingine.

"Basi nitengeneze wewe," akasema. "Si unatengeneza viboko?"

"Kiboko ni rahisi. Hana haraka, na haongei."

"Mimi pia sasa sina haraka. Nitengeneze kichwa, mtoto awe nacho. Siku akiuliza mama yangu alikuwaje, mnamwonyesha. Hilo tu, owadwa. Sikuombi lingine."

Mama alikuwa nyuma ya mlango anachagua omena, akitoa mawe. Akatoka na ungo wake.

"Katika boma hili," akasema, "hakuna mtu anachimba kaburi la mtu anayepumua."

"Mama, si kaburi. Ni udongo tu."

"Kaburi ni nini kama si udongo?"

Na kwetu ni hivyo kweli. Mgonjwa hata awe wa leo au kesho, hununui mbao, hupimi shimo, huulizi sanda. Ukifanya hivyo umemharakisha. Mama alikuwa mtu wa kanisa, kanzu nyeupe na ngoma, Jumapili kutwa nzima, lakini jambo hilo halikutoka kanisani na kanisa halikuweza kulitoa. Alinitazama mimi, si dada yangu, akasema maneno ambayo mpaka leo nikiinua udongo nayasikia:

"Ukishamaliza uso wake, wuoda, mwanangu, yeye atabaki na kazi gani hapa?"

*

Nilikwenda kumfinyanga huko kwenye bati langu, mbali na macho ya mama. Udongo niliuchota kwenye kijito wanapouchota wanawake wafinyanzi, mweusi, laini. Kila mchana nilikaa na dada yangu kama kawaida yangu, tukacheka, na mfukoni nilikuwa na kamba nyembamba ya nyavu. Mama akitoka kwenda kuchota maji, napima: kutoka nywele mpaka nyusi, fundo. Jicho mpaka jicho, fundo. Pua mpaka kidevu, fundo. Dada alifumba macho, anatulia kama mtu anayesukwa.

Seremala aliiona ile kamba ikining'inia msumarini.

"Hiyo nini?"

Nikamwambia.

Akaweka randa chini. "Omera, mimi nina futi ya chuma. Miaka kumi na tatu napima watu, na sijawahi hata siku moja kumpima mtu anayepumua. Wewe unapima?" Akatoka nje akatema mate, na wiki nzima hakunitania kuhusu samaki.

Kichwa cha kwanza kilinitoka vizuri. Nasema ukweli, sijawahi kufanya kitu kikafanana hivyo. Nilishangaa mikono yangu. Jumapili mama akiwa kanisani nilikibeba kwenye karai, nimekifunika gunia lenye maji. Nikakiweka mbele ya mkeka. Nikavuta gunia kama mtu anayefungua zawadi.

Dada yangu akakitazama.

"Huyu nani?"

"Ni wewe."

"Huyu ni ugonjwa." Hakukasirika, alisema taratibu. "Huyu namjua. Nimemwona kwenye kioo. Unataka mtoto wangu abaki na huyu maisha yake yote?"

Nikakiangalia upya, na ndipo nikakiona. Mifupa ya juu ya mashavu imetokeza kama mabega ya ng'ombe mzee. Macho ndani ya mashimo. Nilikuwa nimefuata kamba. Kamba haikunidanganya, na hilo ndilo lilikuwa kosa langu.

Akanyoosha mkono, akabandua udongo kidogo shingoni mwa kile kichwa, akaubandika shavuni kwa kidole gumba. Kazi hiyo ndogo ikamchosha, akalala.

"Mashavu," akasema macho yamefumbwa. "Nilikuwa na mashavu, au hukuyaona?"

Hapo ndipo nilipopata shida ambayo sikuwahi kuifikiria. Nilikaa mbele ya udongo siku mbili, tatu, nne, na sikuweza kuyakumbuka mashavu ya dada yangu. Nilijua kwamba yalikuwepo. Nilijua watu waliyavuta. Lakini yalianzia wapi? Yalishuka mpaka wapi? Akicheka yalipanda yakafunga macho au yalikwenda pembeni? Tulikuwa tumelala chumba kimoja, tumekula sahani moja, amenipiga, amenibeba, na mimi ninayejiita mchoraji sikuwahi kumtazama. Nilikumbuka kicheko chake tu, na kicheko hakifinyangwi.

Nikauliza watu. Mama akasema: "Alikuwa mnene." Mwanamke mmoja aliyeuza naye omena akasema: "Yule? Alikuwa mtu wa maneno!" Seremala akasema: "Alikuwa mrembo," akarudi kwenye mbao zake. Hakuna aliyekuwa na uso wake. Sote tulikuwa na habari zake tu.

Mvua zilikuwa zimeanza, zile ambazo zilibeba madaraja, na dada yangu alikuwa sasa anakunywa uji kwa kijiko cha mtoto. Mchana mmoja nimekaa mlangoni na mtoto, namtazama akila hindi la kuchemsha. Alikuwa amejaza mdomo mpaka hawezi kuufunga, anatafuna kwa bidii, na mwanga wa nje ulimpiga upande mmoja. Nikaona. Ilikuwa kama mtu amenigusa bega. Mashavu yale yalianzia karibu kabisa na pua, yakashuka yakapita mdomo, na chini ya jicho kulikuwa na mkunjo mdogo kama mshono. Yalikuwa yake. Yalikuwa yamekaa pale kwenye uso wa mtoto muda wote, yanakula mahindi.

Nikatoa kamba. Nikampima mtoto.

Alicheka kwa sababu nilimtekenya. "Nera, tena!" akasema, maana mimi ni mjomba wake, na mchezo aliupenda. Nikampima tena. Fundo, fundo. Na nilipokuwa nikifunga fundo la mwisho maneno ya mama yalinijia. Dada yangu nilimpima mgonjwa. Huyu nilikuwa nimempima mzima.

Sikumwambia mtu. Nilikwenda kazini nikayaweka mashavu ya mtoto kwenye kichwa cha mama yake, na siku ileile nikamwona dada yangu wa zamani akinitazama kutoka kwenye udongo, mtukutu, yuko tayari kunijibu.

Siku ya tatu yake mtoto akapata homa.

Wakati wa mvua watoto wote wana homa, hilo nalijua. Lakini alipolala pale jikoni karibu na mama yake, wote wawili wamefunikwa kitenge kimoja, anatetemeka na hataki maji, akili yangu ilikuwa kwenye kamba tu. Nilikimbia mpaka kwenye bati. Nilichukua nyundo ya seremala. Nilisimama mbele ya kile kichwa, nyundo juu, nikajiambia vunja, mtoto apone, vunja. Na uso ule ukanitazama na mashavu yake. Kama ningeuvunja nisingeweza kuurudia tena, nilijua kabisa. Na ahadi ilikuwa kwa mtu anayekufa. Nilisimama hivyo mpaka mkono ukauma, kisha nikaketi kwenye vumbi la mbao nikalia kama mtoto mdogo.

Seremala akaninyang'anya nyundo. Baadaye akaniletea chai.

Mtoto alipona. Zahanati walimpa vidonge vichungu, siku ya nne akaomba hindi. Lakini mimi sikurudi kuwa mtu yuleyule.

*

Kichwa hakikukauka. Mvua kila siku, hewa yenyewe ni maji, na udongo ulibaki baridi kama kiganja cha chura. Nilikwenda kwa bibi mmoja mfinyanzi, mkali, mwenye ugoro puani, kumwomba ushauri. Alikuja akakigonga kwa kidole.

"Umejaza ndani?"

"Ndiyo, dani, bibi yangu. Ni kichwa."

"Kichwa ni chungu. Hiki umekijaza udongo kama ule ulio ndani ya chako. Ukitia motoni kitalipuka, meno utaokotea kisiwani Rusinga." Akanionyesha: kata utosi kwa waya, komba ndani kwa kijiko mpaka unene uwe wa kidole gumba, rudisha utosi. "Na kikaushe. Hata kwa moshi."

Moshi ulikuwepo. Wanawake wa ufuoni walikuwa na majiko yao ya udongo wanamokaushia mgongo wazi, yanafuka kutwa. Nikawaomba. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. "Tumekausha samaki, tumekausha nguo, leo tunakausha mtu!" Lakini walipoondoa gunia na kuona ni nani, wakainuka. Mmoja akasogeza mifupa ya mbuta pembeni akampa nafasi nzuri, mbali na miali. Siku sita dada yangu alikaa pale kati ya samaki.

Nikampelekea kikiwa kikavu, bado hakijachomwa. Mama alikuwa ndani ya nyumba kubwa. Najua aliniona nikipita na karai, na hakutoka. Dada yangu hakuweza kukaa tena. Nikamwinua nikamwegemeza kifuani kwangu. Alikuwa hana uzito.

Akanusa kwanza.

"Umenikausha kama mgongo wazi," akasema.

Nikacheka, na nilikuwa nalia. Akatazama. Akanyoosha kidole akashika shavu moja, kisha lingine, akapitisha kidole kwenye ule mkunjo chini ya jicho.

"Nilikuwa mzuri hivi," akasema, "na hamkuniambia?"

Ningepaswa kumwambia hapo kwamba mashavu si yake. Kwamba sikuyakumbuka. Nikasema, "Tulidhani unajua."

Alikufa siku chache baadaye, mchana, mvua ikiwa juu ya mabati kiasi kwamba mama ilibidi aweke sikio mdomoni mwake ajue. Seremala alikuja na futi yake ya chuma. Sasa alikuwa na ruhusa.

Msalaba niliandika mimi. Nani mwingine? Rangi nyeupe mara mbili. Haikutaka kukauka, niliipepea kwa gazeti. Nilipofika kwenye jina lake, S yangu yenye shingo ya bata ikatoka kama mdudu. Sikuirekebisha.

Na kwa kuwa hakuolewa, hakuzikwa ndani ya boma. Ndivyo ilivyo kwetu: binti mkubwa ambaye hana bwana anazikwa nje ya ua. Wakamchimbia upande wa nyuma, zaidi ya miti ya ua, ambako maji ya mvua hupita yakielekea ziwani. Niliwaza nikiweke kichwa pale, juu ya simiti kidogo, ili angalau awe na mlinzi. Nikamwambia mama baada ya wageni kuondoka. Nilitegemea anikatalie kwa yale maneno yake.

"Pale nje?" akasema. "Ng'ombe wamgonge? Watu wamtupie maganda?" Akafunga kitambaa chake upya. "Sasa hapumui. Nenda umalize kazi yako, halafu umlete ndani."

*

Tulimchoma mvua ilipotulia, kwa yule bibi mfinyanzi, ndani ya shimo, pamoja na vyungu vyake kumi na viwili. Nyasi kavu, mavi ya ng'ombe, vijiti. Vyungu vitatu vilipasuka, nikasikia kila kimoja. Tulipoondoa majivu alikuwa mwekundu, mzima, na upande wa kushoto wa taya moto ulikuwa umeacha doa jeusi.

"Hilo halitoki," bibi akasema. "Hata ukisugua. Mwambie mama yako ni mimi nimesema usisugue."

Mama alikiweka kwenye meza ya nyumba kubwa, juu ya kitambaa cha kufuma, mahali ambapo watu wengine huweka redio. Halafu akamwita mtoto. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mikono ina masizi, naona kama ninasubiri kuhukumiwa. Hii ndiyo ilikuwa kazi yote. Kwa ajili ya dakika hii dada yangu alivumilia kupimwa.

"Ni nani huyu?" mama akamuuliza.

Mtoto alikitazama. Akazunguka meza, akakitazama kutoka upande wa doa. Mama aliyemjua yeye alikuwa mtu wa mkekani, mtu wa mifupa, na huyu hakuwa na hata kitu kimoja chake. Akapanda kiti. Akaweka mkono kwenye shavu la udongo, akaweka mkono mwingine kwenye shavu lake.

"An," akasema. Mimi.

Akafurahi sana. Akashuka akamwita kuku aje aone.

Nikamwambia mama yote, palepale: kamba, hindi, homa, nyundo. Kwamba nilipewa kazi moja na nimeiharibu, nimemtengenezea mtoto kioo badala ya mama. Mama alikuwa ameshaketi na ungo wake.

"Nilikuona na kamba," akasema. Akatupa jiwe nje ya mlango. "Siku ile ya mahindi. Nilikuona."

Sikuuliza kwa nini hakunizuia.

Huyo mtoto sasa anakwenda chekechea, ana kaptula ya buluu chini ya gauni kwa sababu anapenda kupanda miti. Tumemweleza mara nyingi kwamba huyu wa mezani ni mama yake, na anaitikia kwa heshima, kama unavyoitikia mgeni anapokuambia alikujua ukiwa mdogo. Mkeka wa jikoni ameshausahau. Nilimuuliza juzi, hakuukumbuka hata kidogo. Kwa hiyo sura ya mwisho ya dada yangu sasa iko kwa mama na kwangu tu, na kwenye kile kichwa cha kwanza, ambacho nilikirudisha kijitoni, kikayeyuka.

Asubuhi mama akimaliza kumpaka mafuta, mtoto hakimbii kwanza. Anakwenda mezani na yale yaliyobaki viganjani, anapanda kiti, anampaka na mwenzake. Anapaka mashavu tu. Yamekuwa meusi, yanang'aa kama viatu vya askari, na sehemu nyingine yote ya uso ina vumbi: paji la uso, nyusi, pua, kidevu. Hizo ndizo nilizopima kwa dada yangu mwenyewe, amefumba macho, mama akiwa mtoni.

Nimekaa hapa naandika na ninamwona. Natamani siku moja mkono wake uteleze kidogo, upande juu, uguse paji la uso. Sijamwambia. Anashuka kwenye kiti, anajipangusa kwenye gauni, anatoka.